Azifiche au Azigawe? Mjadala wa Alamisho za Msanidi Chipukizi

Kila anayefanya kazi ya kompyuta ana ghala la viungo. Humo mna ukurasa uliomwokoa usiku seva ilipogoma, maelezo ya hitilafu iliyomtesa wiki nzima, na makala aliyoihifadhi kwa nia njema kisha akaisahau. Kwenye kivinjari huitwa alamisho, na mara nyingi hukaa humo humo bila mpangilio, mwenyewe tu akiziona. Hoja iliyowekwa mezani ni hii: kijana aliye katika miaka yake ya kwanza ya kazi azitoe alamisho zake hadharani ili wengine wazitumie, au abaki nazo?

Sauti ni tatu. Fundi ni msimamizi wa seva aliyeanza kazi Dar es Salaam enzi za setilaiti. Anaunga mkono hoja. Msanidi ni binti aliyetoka chuoni juzi na anaandika programu za simu. Anaipinga. Mkutubi ni mama aliyekulia kazini kwenye rafu za vitabu, na sasa anasimamia hifadhi ya kidijitali ya chuo. Yeye hajachagua upande.

MSANIDI: Shikamooni, wazee wangu.

FUNDI: Marahaba, mwanangu.

MKUTUBI: Marahaba. Anza wewe. Mpingaji akitangulia, mjadala huchangamka.

MSANIDI: Ahsante, mama. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila nikifungua LinkedIn nakuta mwenzangu mmoja amepanga "viungo ishirini vitakavyokufanya uwe msanidi mahiri". Muulize cha saba kinasema nini, hajui, hajakifungua. Anajitembeza tu. Mwajiri anayejua kazi yake hataulizia nimehifadhi nini. Atauliza nimejenga nini, na kama kinafanya kazi. Halafu kuna suala la wakati. Orodha za viungo zilikuwa na maana pale kutafuta kulipokuwa kugumu. Leo injini ya utafutaji iko mfukoni, na akili mnemba inajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nigawe nini ambacho mwenzangu hawezi kukipata kwa kuandika maneno matatu?

FUNDI: Zama za ugumu ninazijua, nilikuwamo. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, data zetu zilipanda setilaiti na kushuka, na kwenye intaneti kafe tulilipia muda. Ukurasa usiofaa ulikula pesa sawasawa na unaofaa. Mwenzako akikunakilia anwani nzuri nyuma ya daftari, alikuwa amekulipia nusu saa. Lakini sitegemei hoja hiyo, maana najua utasema zama hizo zimepita.

Hebu tazama ni nani waliokuwa wakigawa viungo tangu mwanzo. Wengi walikuwa vijana wa umri wako, hawana cheo. Scott Yanoff alikuwa mwanafunzi Wisconsin, Marekani, alipoanza kusambaza orodha yake ya huduma za intaneti mwaka 1991. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo walikuwa wanafunzi wa uzamivu wa uhandisi wa umeme pale Stanford. Badala ya kuandika tasnifu, wakawa wanakusanya anwani za tovuti. Orodha yao ilikaa kwenye kompyuta mbili za chuo walizozipa majina ya wanamieleka wa sumo, Akebono na Konishiki. Mwaka uliofuata orodha ikawa kampuni, nayo ndiyo Yahoo. Usiniambie orodha ya viungo haiwezi kuanzisha maisha ya mtu.

MSANIDI: Mzee wangu, kwa heshima zote, umenionesha waliobahatika. Waliokuwa na orodha mwaka 1994 walikuwa wengi, na hao wengine hatuwataji kwa sababu hakuna kilichowatokea. Ukinionesha aliyeshinda bahati nasibu, hujathibitisha kwamba tiketi ni uwekezaji.

MKUTUBI: Hoja hiyo ina uzito, kaka. Na mimi naiongezea. Mkusanyo wa Yahoo haukusimama kwa wingi wa viungo. Ulisimama kwa sababu mtu aliupanga. Miongoni mwa waajiriwa wao wa mwanzo kabisa, mwaka 1995, alikuwamo Srinija Srinivasan, na kazi yake ilikuwa kuamua kila tovuti iingie kundi gani, na kundi hilo likae chini ya lipi. Hiyo ni kazi ya maktaba. Na ilishindwa kwa sababu ambayo mkutubi yeyote angeitabiri: kurasa ziliongezeka kuliko mikono ya wapangaji. Saraka ile ilifungwa mwishoni mwa 2014. Ile nyingine iliyoendeshwa na wahariri wa kujitolea, DMOZ, iliyoanza 1998, ikafungwa Machi 2017. Kwa hiyo binti akisema orodha hufa, kumbukumbu zinamuunga mkono.

FUNDI: Saraka zilikufa, naam. Lakini katikati hapo palitokea jambo ambalo halikuwa saraka, na ndilo linalotuhusu. Joshua Schachter alikuwa mchambuzi wa hesabu katika benki ya Morgan Stanley, New York. Mchana namba za fedha, usiku viungo. Alikuwa na tovuti iitwayo Memepool, wasomaji wakimtumia anwani za mambo ya kuvutia. Akaziweka kwenye faili la maandishi matupu, na kando ya kila anwani akaandika neno moja au mawili ya kumsaidia kuipata tena. Faili likafika maelfu ya viungo. Akaandika kiprogramu cha kulisimamia, akakiita Muxway, na watu wakaanza kusoma alamisho zake kila siku kama gazeti. Septemba 2003 akafungua del.icio.us ili kila mtu awe na faili kama lake.

MSANIDI: Na Yahoo wakainunua.

FUNDI: Desemba 2005, miezi michache tu baada ya kuacha kazi ya benki. Lakini ngoja kwanza kwenye fedha. Tazama mashine ilivyofanya kazi. Hapakuwa na rafu wala mlinzi wa rafu. Wewe unahifadhi ukurasa na kuubandika lebo zako: "hifadhidata", "polepole", "kazini". Mimi naubandika zangu. Hatujuani wala hatujakubaliana lolote. Mfumo unahesabu tu: ukurasa huu umehifadhiwa na watu wangapi, wameuitaje, na hao watu wamehifadhi nini kingine. Kutokana na uchoyo wa kila mmoja kujipangia vya kwake, inazaliwa ramani ambayo hakuna aliyeajiriwa kuichora.

MKUTUBI: Sisi wakutubi tuliipinga sana mwanzoni. Mmoja anaandika "gari", mwingine "magari", wa tatu "usafiri", na katalogi inavurugika. Lakini kuna jambo moja lilinifundisha. Mfumo ule ulianza kwa kumfaa aliyehifadhi. Hata kama dunia nzima isingesoma, yeye angekuwa amefaidika, kwa sababu kesho angekipata kiungo chake. Kugawa lilikuwa zao la pembeni. Nadhani hapo ndipo tunapata kipimo cha zile orodha za LinkedIn zinazomkera binti: je, mwenyewe angeitunza orodha hiyo kama hakuna anayemtazama?

MSANIDI: Kipimo hicho nakichukua, mama. Kinafuta nusu ya ninachokiona mtandaoni. Lakini hakijibu swali langu, kinalikaza. Kama orodha inanifaa mimi kwanza, basi inatosha kunifaa mimi. Hadharani nakwenda kufanya nini?

Na kuna hatari ambazo wakubwa mnazipita haraka. Chukueni faili la alamisho ninaloweza kulitoa kwenye kivinjari sasa hivi. Mstari wake wa kwanza bado unataja Netscape, kampuni iliyokwisha zamani, maana Chrome na Firefox zinaendelea kutumia muundo ule. Ndani yake kila kiungo kina anwani, kichwa cha ukurasa, na wakati kilipohifadhiwa, ukihesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mkinitaka nilimwage hadharani, humo mna anwani ya seva ya majaribio ya mwajiri wangu. Mna jina la mradi ambao mteja hajautangaza. Na mna ule ukurasa wa namna ya kuandika barua ya kuacha kazi, pamoja na sekunde yenyewe niliyouhifadhi.

FUNDI: Hapo huhitaji kunishawishi. Faili zima halitolewi, kamwe. Anayefanya hivyo hajagawa maarifa, amevujisha ofisi.

MSANIDI: Basi twende kwenye hatari ya pili, ambayo haifutiki kwa kuchuja. Alamisho zinaonesha nisichokijua. Wiki iliyopita nimehifadhi maelezo ya namna ya kutengua mabadiliko kwenye Git bila kupoteza kazi ya wenzangu. Ni jambo la msingi. Mwanaume mwenye uzoefu akionekana na ukurasa huo, watu husema anajikumbusha. Mimi nikionekana nao, binti, tena mgeni kazini, watasema hajui. Ukurasa ni mmoja, hukumu ni mbili.

Halafu warudieni mashujaa wenu kwa jicho hilo. Yang na Filo walikuwa na kompyuta za Stanford na jina la Stanford. Schachter alikuwa na mshahara wa benki kubwa wakati anagawa viungo vyake. Kila mmoja aligawa akiwa ameegemea ukuta. Mimi mkataba wangu ni wa miezi sita. Mnaniambia nianike nisichokijua nikiwa nimeegemea nini?

MKUTUBI: Kaka, hilo ni lako.

FUNDI: Ni langu, na sina jibu la kulimaliza. Nina mfano wa kulipima. Mwaka 2016 Mmarekani aitwaye John Washam alitaka kuajiriwa na Google kama mhandisi wa programu. Alikuwa ametengeneza tovuti kwa miaka, lakini sayansi ya kompyuta hakuisomea chuoni. Akaandika orodha ya yote asiyoyajua: miundo ya data, algoriti, namna kumbukumbu ya mashine inavyogawanywa. Mbele ya kila jambo akaweka viungo vya kulisomea na kisanduku cha kutia tiki. Akaiweka GitHub, tovuti ambako wasanidi huhifadhi kazi zao, kila mtu akiona visanduku vilivyo tupu. Akasoma kwa miezi, kazi ya kutwa nzima.

MSANIDI: Google wakamchukua?

FUNDI: Hawakumchukua.

MSANIDI: Ahaa.

FUNDI: Subiri. Amazon ndio waliomwajiri baadaye. Na orodha yake ikawa mojawapo ya zinazosomwa zaidi GitHub, imetafsiriwa kwa lugha nyingi. Sisemi orodha ilimpa kazi. Kusoma ndiko kulikompa. Ninachosema ni kwamba mtu huyu aliweka ujinga wake hadharani kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio watu walioupenda. Nikiwa kwenye jopo la usaili na vijana kumi wameleta vyeti vinavyofanana, sina njia ya kujua nani anaamua vipi. Aliyeniletea viungo kumi alivyovitumia, na kila kimoja amesema kwa nini, ameniruhusu nione akili yake ikichagua. Hicho cheti hakioneshi.

MSANIDI: "Amesema kwa nini." Hapo ndipo maneno yako yanapobadilika, mzee. Mwanzoni ulikuwa unagawa anwani, sasa unagawa sababu.

FUNDI: Sikatai.

MKUTUBI: Hilo ndilo ninalotaka kulishikilia, kwa sababu anwani peke yake ni mali isiyotunzika. Akiba haiozi, tumefundishwa hivyo. Akiba ya viungo huoza. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 2024: kati ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena muongo mmoja baadaye. Kijana anayekabidhi orodha ya anwani tupu anakabidhi kitu ambacho zaidi ya theluthi yake huenda kikatoweka kabla hajawa mzee wa kazi.

Na haziozi kurasa tu, huoza hata mahali tunapozihifadhi. Hiyo del.icio.us unayoisifu, kaka: Desemba 2010 ilivuja slaidi ya ndani ya Yahoo ikiitaja miongoni mwa huduma za kuzimwa, na watu wakaanza kuhama na mizigo yao. Mwaka 2011 ikauzwa kwa Chad Hurley na Steve Chen, wale wa YouTube. Wakaijenga upya. Sasa, kulikuwa na jamii kubwa ya mashabiki wa hadithi waliokuwa wakihifadhi humo tungo za wenzao, wakizipanga kwa lebo zenye mkwaju, ule mstari wa mshazari, kati ya majina ya wahusika wawili. Mfumo mpya ukavuruga lebo zao. Kazi ya miaka ya kupanga, ikavurugika kwa sababu ya alama moja ya uandishi.

MSANIDI: Wakaenda wapi?

MKUTUBI: Wengi walihamia Pinboard, huduma ya kulipia iliyoanzishwa 2009 na mtu anayeitwa Maciej Cegłowski. Yeye aliwauliza wanataka nini, nao wakamwandikia kwa pamoja waraka mrefu wa mahitaji. Mwaka 2017 aliinunua Delicious yenyewe, ndiyo ile del.icio.us, kwa dola 35,000, akaifunga isipokee alamisho mpya. Google nao walifunga huduma yao ya alamisho mwaka 2021. Pocket, iliyokuwa mkononi mwa Mozilla, ikazimwa Julai 2025. Binti, ukikubali kugawa, usiikabidhi orodha yako kwa kampuni kana kwamba ni benki. Iandike kwenye faili la maandishi ya kawaida, nakala ikae kwako. Ukurasa unaoutegemea sana, omba Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za mtandaoni, iutunzie nakala. Hairuhusiwi kwa kurasa zote, lakini kwa nyingi inawezekana, na ni bure.

FUNDI: Mimi ningeongeza kwamba GitHub yenyewe ni ya kampuni. Microsoft waliinunua 2018. Faida yake ni kwamba nakala nzima ya faili, pamoja na historia ya mabadiliko yake, iko kwenye mashine yako. Siku wakifunga mlango, unahama na kila kitu.

MSANIDI: Sasa mmeniingiza kwenye ufundi, na mimi bado nilikuwa nabisha kama nigawe au nisigawe. Lakini niseme jambo linaloninyima usingizi upande wenu, msije mkadhani napinga kwa ukaidi.

Tunalo kundi la WhatsApp la wasanidi. Mama, lina viungo kuliko hifadhi yako. Mtu anatupa kiungo kizuri saa nne usiku, asubuhi kimeshafukiwa na salamu, tangazo la kiwanja na picha ya mtoto wa mtu aliyefaulu. Miezi mitatu baadaye mwingine anauliza swali lile lile, na aliyejibu mwanzo hakumbuki alituma nini. Hatufichani viungo. Tunavigawa kila siku, ila tunavigawa kwenye maji yanayotiririka. Kwa hiyo siwezi kusema kwa dhati kwamba nalinda siri. Hakuna siri. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Viungo tunavyosoma ni vile vile.

FUNDI: Na akili mnemba uliyoisema mwanzoni?

MSANIDI: Naitumia kila siku. Inanisaidia, na mara nyingine inanipa anwani ya ukurasa ambao haujawahi kuwapo, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Ikinipa majibu matatu, bado mimi ndiye wa kujua lipi linafaa toleo la programu ninalotumia. Hilo ndilo ambalo sijui pa kulipata: si ukurasa, ni ushuhuda wa mtu aliyeujaribu.

MKUTUBI: Basi tuandike mfano, tuone kama una thamani. Niandikie alamisho moja ambayo ungeweza kuitetea.

MSANIDI: Mwongozo wa hifadhidata ya PostgreSQL, sehemu inayoeleza faharasa za safu zaidi ya moja. Sababu: utafutaji wa wateja ulikuwa unakokota, nami nilikuwa nimeongeza faharasa na bado haukubadilika. Ukurasa huu ulinionesha kwamba mpangilio wa safu ndani ya faharasa una uzito. Safu niliyokuwa naitafutia ilikuwa ya pili, ikapaswa kuwa ya kwanza. Soma aya za mwanzo tu. Ukurasa ni maandishi matupu, hauli bando.

FUNDI: Hiyo ya bando ni ya kwetu kabisa.

MSANIDI: Ni ya lazima. Anayejifunza kwa simu huko Kigoma, kwa bando la siku, ana haki ya kujua kama kiungo ni maandishi au ni video ya saa mbili kabla hajakibonyeza. Na kuna jambo limenijia hapa hapa. Ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza, na sitautafsiri wote. Lakini sentensi ya sababu nimeiandika kwa Kiswahili bila hata kufikiri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehangaika na Kiingereza cha mwongozo angeingia akijua anatafuta nini. Hicho injini ya utafutaji haimpi.

MKUTUBI: Umejijibu hadharani unakwenda kufanya nini.

MSANIDI: Nimejijibu nusu. Nusu ya pili bado iko pale pale: gharama. Kwa Fundi, kuweka ukurasa wa msingi hadharani ni bure. Kwangu unaweza kunigharimu mkataba. Mkisema "vijana wagawe", mnamtoza zaidi mwenye kidogo. Kwa hiyo hoja mliyoiweka mezani imegeuzwa kichwa chini. Swali halikupaswa kuanza na msanidi chipukizi. Lilipaswa kuanza na mzee mwenye ajira ya kudumu: yeye alamisho zake ziko wapi?

MKUTUBI: Kaka?

FUNDI: Ziko kwenye kivinjari. Miaka mingi.

MSANIDI: Zote za mambo makubwa?

FUNDI: Acha utani. Nyingi ni za mambo madogo. Na nakubali ulichosema, ingawa kinaniuma. Nilidhani ninachoweza kumpa kijana ni ushauri wa kujionesha. Kumbe kitu kinachopunguza zile hukumu mbili unazozisema ni wakubwa kuonekana wakisoma mambo ya msingi. Ukurasa wa kutengua mabadiliko ya Git ukikutwa kwenye orodha yangu, haumwaibishi tena yeyote kuwa nao kwenye yake.

MKUTUBI: Hapo naona upande wa kuchagua. Naunga mkono kugawa, kwa masharti matatu. Orodha iwe inamfaa mwenyewe kwanza. Kila kiungo kiwe na tarehe na sababu, maana ukurasa ukifa, sababu itabaki na mwenye akili ataitumia kutafuta mwingine. Na wenye usalama wa ajira watangulie.

FUNDI: La nne: visifutwe. Kiungo ulichokiamini mwaka jana ukakikataa mwaka huu, kiache, andika chini yake kwamba umebadili mawazo na kwa nini. Anayekuja nyuma hujifunza zaidi pale ulipogeukia.

MSANIDI: Hilo silikubali. Orodha ni yangu. Nina haki ya kuondoa kisichofaa, na nina haki ya kuifunga yote siku nikichoka.

MKUTUBI: Maktaba huondoa vitabu, kaka. Ni sehemu ya kazi. Rafu isiyopunguzwa haisomeki.

FUNDI: Maktaba huondoa vitabu vyake. Wale mashabiki wa hadithi walipovurugiwa lebo zao, hakuna aliyewaambia "mfumo ni wa wenyewe". Watu wakishaegemea kitu, kina wenyewe wengi.

MSANIDI: Waliovurugiwa walikuwa watunzaji, mzee. Aliyewavurugia ndiye aliyedhani anamiliki. Usinigeuzie mfano. Mimi nitaweka tangazo juu kabisa: orodha hii inatunzwa na mtu mmoja, chukua nakala yako. Anayeitaka ya milele ana uwezo wa kuinakili.

FUNDI: Hapo tutabishana mwaka mzima.

MSANIDI: Tubishane, lakini orodha yako iwe imeshatoka. Naanza mimi mwezi mmoja baada yako, si kabla. Kiungo chako cha kwanza ni kipi?

FUNDI: Ngoja nifikirie. Kuna kimoja kizuri kuhusu usalama wa seva...

MSANIDI: Hapana. Unachokifungua mara nyingi kuliko vyote.

FUNDI: Ukurasa wa maelezo ya amri ya tar. Nimefunga na kufungua mafaili kwa amri hiyo tangu nianze kazi, na mpaka leo sikumbuki herufi zake zinakaa vipi.

MSANIDI: Andika hivyo hivyo, na jina lako chini. Kiwe cha kwanza.